Sura ya Saba: Adui Anapogeuka Steringi

Watoto waliokulia kwenye mabanda ya video wana swali moja wanalouliza kabla hawajapata pa kukaa: steringi ni nani? Wakishaonyeshwa, mambo yote yanapangika. Wanajua wa kumshangilia, wanajua wa kumzomea, na wanajua kwamba yule wa kwanza hafi. Gemu za ushujaa zimejengwa juu ya makubaliano hayohayo, tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu humo steringi ni wewe mwenyewe uliyeshika vitufe. Ndiyo maana Golden Sun: The Lost Age, iliyotoka Japani tarehe 28 Juni 2002 kwa ajili ya Game Boy Advance, ilikuwa na ujasiri ambao hata leo haujazoeleka. Ilikuwa sehemu ya pili ya hadithi ambayo wachezaji waliiacha katikati, na walipoiwasha iliwakabidhi mtu waliyekuwa wakimfukuza.

Hapo lazima kwanza ujue walikotoka.

Sehemu ya kwanza, Golden Sun, ilitoka Agosti 2001, miezi michache tu baada ya Game Boy Advance yenyewe kuingia sokoni. Inaanzia Vale, kijiji kilicho chini ya Mlima Aleph, usiku wa dhoruba. Jabali linaporomoka kutoka mlimani. Kijana mmoja, Felix, anachukuliwa na mto mbele ya macho ya majirani. Wazazi wake pamoja na Kyle, baba yake Isaac, wanapotea naye. Kijiji kinawalilia kama watu waliokufa. Miaka mitatu baadaye Felix anarudi, yu hai, uso umefichwa kwa kinyago, ameandamana na wageni wawili wenye nguvu za kutisha, Saturos na Menardi. Wanapora mawe matakatifu ya hekalu lililomo ndani ya mlima. Wanawachukua Jenna, dada yake Felix, na mzee Kraden, msomi anayeishi hapo kijijini. Nia yao ni kuyatumia mawe hayo kuwasha minara minne ya taa iliyotawanyika duniani: wa Utaridi, wa Zuhura, wa Mshtarii na wa Mirihi. Ndani ya hekalu hilo jiwe lenye jicho moja, linaloelea hewani na kuitwa Wise One, linamweleza Isaac hatari itakayoikumba dunia minara ikiwaka, na kumtuma akawazuie.

Basi unakwenda, wewe ukiwa Isaac. Kwenye mnara wa Utaridi unachelewa. Kwenye mnara wa Zuhura unawakuta juu kabisa, unapigana nao, unawaua wote wawili, lakini taa imeshawaka. Msichana Sheba anaanguka kutoka juu ya mnara, na Felix anajirusha kumfuata. Isaac anapata merikebu, na majina ya watengenezaji yanaanza kupanda kwenye kioo. Imekwisha. Minara miwili bado, Felix hajulikani alipo, na mchezaji anabaki na hasira zake mkononi.

Sehemu ya pili inarudi nyuma kidogo na kukuweka chini ya mnara uleule wa Zuhura, ukiwa Jenna, ukisubiri. Ardhi inatikisika. Rasi yote ya Idejima inakatika kutoka bara na kuanza kuelea baharini. Kufumba na kufumbua kundi lako ni Felix, Jenna, Sheba, na Kraden ambaye hapigani lakini haachi kuongea. Kazi yako ni kuwasha minara miwili iliyobaki. Ni kazi ileile ambayo ulimaliza gemu nzima ukiizuia, na huko nyuma yako Isaac anakuja na merikebu.

Wengine watasema huu ni ujanja wa waandishi waliokosa nafasi, na kuna ukweli ndani yake. Camelot, watengenezaji wake, walipanga gemu moja. Hadithi ikavimba kuliko kaseti iliyokuwepo, wakaikata. Kaseti ya kwanza ilikuwa ya megabaiti 8, ya pili megabaiti 16, ukubwa ambao leo picha chache za simu zinaumaliza. Lakini kukata hadithi ni jambo moja, na kuamua mahali pa kukata ni jingine. Wangeweza kuikata baada ya mnara wowote na kuendelea na Isaac yuleyule. Walichagua kuikata pale ambapo mtu aliyeshika gemu analazimika kuhama upande.

Na hawakuwa wageni wa mchezo huo. Camelot inaongozwa na ndugu wawili, Hiroyuki na Shugo Takahashi, na kabla ya kufanya kazi na Nintendo walikuwa wakiitengenezea Sega mfululizo wa Shining. Mwishoni mwa 1997 na mwaka 1998 walitoa Shining Force III kwenye Sega Saturn katika diski tatu zilizouzwa mojamoja. Diski ya kwanza inamfuata Synbios wa upande wa jamhuri, ya pili inamfuata Medion wa upande wa dola inayopigana na jamhuri hiyo, ya tatu inamleta Julian. Uamuzi ulioufanya kwenye diski moja ulibebwa na kumbukumbu ya mashine hadi kwenye nyingine. Wachezaji wa Marekani na Ulaya walipata diski ya kwanza tu, Saturn ikafa, wakabaki na nusu ya ugomvi. Ukiijua habari hiyo, Golden Sun inaonekana kama jaribio la pili la watu waliokuwa na jambo la kusema na hawakusikilizwa hadi mwisho. Safari hii hadhira ilikuwa ya kutosha: Game Boy Advance iliuza mashine milioni 81 na ushee duniani kote.

Kuna jambo dogo ambalo linaonyesha walivyolifikiria hili kwa makini. Katika sehemu ya kwanza Isaac hasemi. Wenzake wanaongea kwa kurasa na kurasa, yeye anaulizwa maswali na wewe unajibu ndiyo au hapana kwa niaba yake. Felix, kwa upande mwingine, anaongea vizuri tu, tena kwa ukali. Sasa fungua sehemu ya pili: Felix kanyamaza. Yule kijana aliyekuwa akijitetea na kuamrisha sasa anatikisa kichwa tu, maana kinywa chake ni chako. Na ukikutana na Isaac baadaye, Isaac anaongea! Mtu uliyedhani ni bubu ana sauti yake, ana maoni yake, na baadhi ya maoni hayo yanakuhusu wewe. Ukimya katika gemu hii ni kama kiti: anayekikalia ndiye steringi, na akiinuka anarudishiwa ulimi.

Yale majibu ya ndiyo na hapana, nikiri kwa niaba ya Camelot, kwa sehemu kubwa hayabadilishi kitu. Ukijibu hapana, wenzako wanasikitika, vipovu vya alama za mshangao vinatokea juu ya vichwa vyao, na safari inaendelea kulekule. Na maongezi ni marefu. Ni marefu kiasi cha kukera. Watu wanne wanasimama kwenye mlango wa pango na kujadili kama waingie pangoni, Kraden anaeleza maana ya pango, Jenna anamuuliza Kraden ana maana gani, na wewe unabonyeza kitufe mpaka kidole kinauma. Mhariri mkali angeondoa theluthi ya maneno hayo bila hadithi kupungukiwa na chochote.

Lakini katikati ya maneno hayo sababu za adui zinaanza kutoka, na zinatoka taratibu, kwa mpangilio mzuri. Wazazi wa Felix hawakufa usiku ule wa dhoruba. Waliokolewa na watu wa Prox, kijiji cha barafu kilichoko kaskazini kabisa ya dunia, na bado wako huko. Felix ameahidiwa kuwapata kazi ikikamilika. Hiyo ni sababu ya mtoto, na inatosha kumfanya mtu avae kinyago. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Dunia ya gemu hii ni bapa, bahari zake zinamwagika kwenye kingo, na kingo hizo zinaliwa. Mababu waliifunga nguvu ya alkemia ili watu wasiangamizane nayo, lakini nguvu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiilisha ardhi yenyewe. Minara ikibaki giza, dunia inapungua mwaka hadi mwaka mpaka iishe. Prox iko karibu na ukingo, kwa hiyo wao wanaliona shimo kwa macho yao. Vale iko mbali na ukingo, na wao wanaliona jiwe takatifu tu.

Kwa hiyo Saturos na Menardi, wale uliowaua juu ya mnara na kufurahi, walikuwa wajumbe waliotumwa na kijiji chao. Menardi alikuwa na ndugu. Anaitwa Karst, na katika sehemu ya pili anakuja na mwenzake Agatio kumtafuta Isaac alipe damu. Mfalme Hydros wa Lemuria, kisiwa kilichofichwa na ukungu katikati ya bahari, ndiye anayekueleza habari ya dunia kupungua bila mafumbo. Ukifika hapo unatambua kwamba jiwe lile lenye jicho moja halikumwambia Isaac uongo. Lilimwambia nusu.

Sasa tuje kwenye karatasi.

Camelot walitaka mchezaji aliyemaliza sehemu ya kwanza aingie sehemu ya pili na mali yake: ngazi alizopanda, silaha, fedha, hata baadhi ya mambo madogo aliyoyafanya njiani. Njia ya kwanza ilikuwa waya wa kuunganisha mashine mbili. Tatizo la waya ni kwamba Game Boy Advance ina tundu moja tu la kaseti, kwa hiyo ulihitaji mashine mbili na kaseti mbili kwa wakati mmoja. Aliye na mdogo wake mwenye mashine alikuwa na bahati. Kwa wengine wote kulikuwa na nywila.

Nywila ilikuwa ya aina tatu. Fupi ilikuwa na herufi 16, ya kati herufi 61, na ndefu herufi 260. Fupi ilibeba ngazi, viumbe wasaidizi na matukio. Ndefu ilibeba kila kitu, hadi panga na sarafu. Herufi 260, kubwa na ndogo zimechanganywa, tarakimu zimetiwa kati, na alama kama asilimia, dola na mshangao, vyote visivyosomeka kama neno lolote. Na kumbuka ulikuwa unazisoma kwenye nini. Game Boy Advance ya kwanza ilikuwa na kioo cha nukta 240 kwa 160 kisicho na taa yoyote ndani yake. Ilitumia betri mbili ndogo na ilitaka jua la dirishani au balbu iliyo begani kwako. Ukiinamisha kidogo, unaona uso wako. Mtu alikaa na daftari, akanakili mstari wa kwanza, akahakiki, akanakili wa pili. Kisha akachomoa kaseti, akachomeka ya pili, akaanza kuchagua herufi mojamoja kwa mshale. Akikosea moja tu, nywila inakataliwa. Game Boy Advance SP, yenye taa na betri ya kuchaji, ilifika Marekani wiki chache tu kabla ya The Lost Age kutoka huko Aprili 2003. Wale waliokuwa nayo walinusurika macho.

Kwa nini mtu ajitese hivyo? Sababu inayotajwa sana ni tuzo. Viumbe wasaidizi wa gemu hii wanaitwa Djinn, na jumla yao katika sehemu zote mbili ni 72. Kati yao 28 wako kwenye kaseti ya kwanza. Karibu na mji wa Contigo kuna mlango wa hekalu la Anemos, na mlango huo haufunguki mpaka wote 72 wakusanyike. Ndani yake anakaa Dullahan, adui mgumu kuliko wote, ambaye amewaaibisha watu waliojiamini sana. Hiyo ni sababu nzuri ya kunakili herufi.

Mimi naona kuna kubwa zaidi. Ukifika mnara wa Mshtarii, kundi la Isaac linakufikia hatimaye. Linafika likiwa limetegwa na Karst na Agatio, na wewe, Felix, unaona kinachotokea. Ikiwa ulipitisha nywila, Isaac huyo ana upanga uliomnunulia. Garet, mwenzake wa safari, ana ngazi ulizompandisha usiku ule uliokataa kulala. Sasa hebu fikiria uko upande wa nani. Mashitaka dhidi ya Felix uliyaandika wewe, kwa mkono wako, mwaka mmoja uliopita, na yule anayekuja kuyasoma ni mtu uliyemlea. Filamu inaweza kukuonyesha pande mbili za ugomvi, riwaya inaweza pia, lakini haziwezi kukuletea mshitaki aliyevaa vitu ulivyomvalisha. Daftari lile la herufi 260 ndilo lililofanya jambo hilo liwezekane. Jambo la kuchekesha ni kwamba teknolojia ya karatasi ilidumu kuliko waya. Gemu hizi zilipouzwa upya kwenye Wii U mwaka 2014, waya haukuwa na kazi tena katika mashine hiyo, na wachezaji wakarudi kwenye herufi.

Nirudi kwa wale Djinn, maana msomaji wa pwani ataguswa na jina. Majini wa gemu hii si wa kupandishwa kichwani wala wa kufukiziwa ubani. Ni viumbe wadogo wenye macho makubwa, wa aina nne kufuatana na ardhi, moto, upepo na maji. Lakini nao wana masharti. Ukimweka Djinn kwa mtu, mtu huyo anabadilika: nguvu zinapanda, uwezo wake wa kichawi, unaoitwa Psynergy, unachukua sura nyingine. Ukimtumia Djinn vitani anatoka, na ile nguvu inashuka naye. Wakitoka kadhaa unaweza kuwatoa kwa pamoja kuita mwito mkubwa, mungu au dude linalojaza kioo kizima, na baada ya hapo shujaa wako anabaki mnyonge kwa zamu kadhaa huku Djinn wakirejea mmoja mmoja. Kila nguvu inalipiwa. Sehemu ya pili iliongeza miito inayochanganya aina mbili za Djinn, na vibao vyake vimefichwa huku na huko duniani, wengine wangevipita bila kujua.

Psynergy nayo haiishii vitani, na hapa ndipo gemu hii inapopita nyingi za rika lake. Kamba imelala juu ya mwamba: kuna uwezo wa kuishusha na kuifunga ili upande. Vichaka vimeziba mlango: kuna upepo wa kuving'oa. Ukiwa na uwezo wa kufichua, duara linaizunguka sehemu uliposimama, kila kitu kinafifia, na mlango uliokuwa ukuta unaonekana. Lakini uwezo ninaoupenda kuliko wote hautumii nguvu. Sheba anaweza kusoma mawazo. Unasimama mbele ya mtu aliyekwisha kukujibu kwa adabu, unabonyeza kitufe, na unasoma anachokiwaza kweli. Mwenye duka anawaza jambo lake. Mlinzi ana hofu. Mbwa naye ana maoni. Wachezaji wengi walijikuta wakizunguka mji mzima wakirudia kila mtu mara mbili, ya mdomoni na ya moyoni. Katika gemu inayohusu upande usiosikika, uwezo huo umekaa mahali pake.

Ndiyo maana inauma kufika Kibombo.

Ramani ya gemu hii ni ya dunia yetu iliyokunjwakunjwa. Kuna Angara iliyo kama Ulaya na Asia, Indra iliyo kama Bara Hindi, Osenia, Hesperia, Atteka. Kuna Izumo ya Kijapani, na nyoka wake mwenye kuletewa msichana. Na kuna Gondowan, ambayo kwa umbo na mahali ni Afrika. Huko Gondowan kuna kijiji cha Naribwe, na kuna kijiji cha Kibombo. Kibombo ni jina lililopo pia kwenye ramani ya kweli: ni mji na wilaya katika jimbo la Maniema, mashariki ya Kongo, kwenye reli iendayo Kindu, na watu wa huko wanaongea Kiswahili. Anayeisoma sura hii akiwa Kindu au Kasongo anaweza kuwa na shangazi Kibombo.

Kibombo ya kwenye gemu ni ngoma za usiku, mganga anayetaka kusimikwa mbele ya sanamu kubwa iitwayo Gabomba, na watu waliovamia mji wa Madra na kuiba jiwe jeusi la baharia Piers. Unaingia kwa kunyata, unapenya ndani ya sanamu, jiwe linarudi kwa mwenyewe, unaondoka. Picha hiyo tunaijua. Imetumika kwenye vibonzo na filamu za kizungu tangu babu zetu wakiwa vijana, na Wajapani waliirithi kama ilivyo.

Sitalalamika kwamba gemu ya 2002 iliichora Afrika vibaya, maana orodha ya zilizofanya vizuri ingeenea kwenye kiganja. Ninalalamika kwamba gemu hii, kwa kanuni yake yenyewe, ilipaswa kufanya zaidi. Mfano uko jirani kabisa. Madra hiyohiyo ilivamiwa pia na maharamia wa Briggs, na ni kwa kudhaniwa mmoja wao ndiyo Piers akafungwa. Baadaye unamkuta Briggs, unamkuta na mke na mtoto, unakwenda hadi kwao Champa, unakutana na bibi yake, na unaelezwa kwamba bahari yao imeishiwa samaki na watu wana njaa, naye anaiba ili wale. Hata watu wa kijiji cha Garoh, wanaogeuka mbwamwitu, wanapewa nafasi ya kueleza kwa nini wanajificha. Mwizi wa Champa ana bibi na ana njaa. Mwizi wa Kibombo ana ngoma. Ardhi inayoliwa kingoni haikuwaathiri na wao? Hakuna mvua iliyokatika Gondowan, hakuna mzee aliyeona mambo yakiharibika? Mtu mmoja tu mwenye sentensi tatu angetosha. Camelot waliokuwa na maneno ya kumwaga kwenye kila mlango wa pango hawakuzipata sentensi hizo.

Baada ya mnara wa Mshtarii, makundi mawili yanaketi Contigo na kuongea. Haya ndiyo maongezi pekee katika gemu ambayo nisingemruhusu mhariri ayaguse. Isaac na wenzake wanaelezwa kila kitu, kuhusu wazazi, kuhusu Prox, kuhusu kingo za dunia. Hawapigwi wakashindwa. Wanashawishika. Kuanzia hapo kundi lako ni la watu wanane, unaweza kuwabadilisha katikati ya vita, na Isaac aliyetumwa kuizuia minara anapanda kaskazini kwenda kuusaidia wa mwisho uwake. Karst na Agatio wametangulia. Ndani ya mnara wa Mirihi wamegeuzwa kuwa mazimwi ya moto, unapigana nao bila kujua ni wao, na ukimaliza unawakuta wamelala pale wakifa.

Jambo hilo lingetosha kuwa onyo. Juu ya mnara Wise One anatokea kwa mara ya mwisho na kuleta muujiza wa kukuzuia: zimwi lenye vichwa vitatu. Vichwa vitatu. Mchezaji aliyekuwa makini ameshahesabu watu waliopotea mtoni usiku ule wa dhoruba, ukimtoa Felix: baba yake, mama yake, na Kyle. Wengi hawahesabu. Wanatumia miito yao yote, zimwi linaanguka, na ndipo wanapoambiwa wamempiga nani. Wazazi wanaamka baadaye, taa ikishawaka, na sijawahi kuamua kama huko kuamka ni rehema au ni woga wa mwandishi. Nadhani ni woga. Gemu iliyosema kwa saa nyingi kwamba kila upande una gharama yake ilipofikia gharama ya mwisho ilirudisha chenji.

Sehemu ya tatu, Golden Sun: Dark Dawn, ilitoka kwenye Nintendo DS mwaka 2010. Imewekwa miaka 30 baadaye, steringi ni Matthew, mtoto wa Isaac, na Eoleo, yule mtoto mchanga wa Briggs, sasa ni mtu mzima anayepigana upande wako. Kraden bado yuko hai na bado anaongea. Felix mwenyewe haonekani hata mara moja. Tangu hapo Camelot wamebaki na gofu na tenisi za Mario, ambazo walikuwa wakizitengeneza hata kabla ya haya yote.

Zile mbili za kwanza ziliwekwa pamoja kwenye Nintendo Switch Januari 2024, kwa wanaolipia huduma ya mtandaoni. Anayetaka kuzianza asishawishike kuruka ya kwanza kwa sababu ya pili ni kubwa na ina merikebu. Gemu inakuruhusu kuruka, na itakutengenezea Isaac wa kukutana naye mnara wa Mshtarii. Atakuwa na ngazi za kutosha na silaha za kutosha, lakini hatakuwa anakudai kitu.